Milioni 28 kwa baa ya Kyaliwajjala: ninunue?

*Swali: Mzee, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Busia, mpakani na Kenya. Tangu nimalize shule nimefanya kazi kwenye baa za Kabalagala na Kansanga hapa Kampala, mwanzo mhudumu, sasa ni meneja wa kaunta. Nina akiba ya shilingi milioni 40. Kuna jamaa anahamia Dubai, ananiuzia baa yake ya Kyaliwajjala kwa milioni 28, vitu vyote na wateja wake. Pango ni milioni 1.8 kwa mwezi, na mkataba wake na mwenye nyumba umebakiza miezi 14. Ninunue? Na je, hii ni kazi ya kuzeeka nayo au ni ya ujana tu? Wafanyakazi nao nawaogopa, maana najua tunavyoiba. – Dada wa Kansanga*

Dada yangu, sentensi yako ya mwisho imenichekesha, na ndiyo iliyonifanya nikujibu kwa kirefu. Anayejua wizi wa kaunta unavyofanyika ameshapata nusu ya ujuzi wa mwenye baa. Lakini tuanze na pesa, kwa sababu huyo jamaa ana haraka ya ndege na wewe huna haraka yoyote.

Kwa milioni 28 na mkataba wa miezi 14, usinunue.

Angalia anachokuuzia. Anasema vitu vyote. Basi nenda mchana, baa ikiwa imefungwa, upitie kimoja kimoja. Friji zenye rangi za bia mara nyingi ni za Uganda Breweries au Nile Breweries, zimeazimwa tu, na kampuni inaweza kuja kuzichukua siku yoyote ikiona mauzo hayaridhishi. Miavuli na viti vyenye nembo, hadithi ni hiyo hiyo. Kreti na chupa tupu, muulize alizilipia amana au anadaiwa na dipo, yaani muuza bia wa jumla. Ukishaondoa vya wenyewe, kinachobaki ni spika, televisheni zilizotumika, meza, jiko la nyama choma na mabati. Mpe bei ya vitu vikuukuu. Hayo mengine yote kwenye milioni 28 unalipia haki ya kukaa pale, na haki hiyo ina miezi 14 tu ya kuishi. Milioni 28 ukizigawa kwa miezi 14 ni milioni 2 kila mwezi. Ongeza pango la 1.8. Mahali ambapo umeambiwa ni pa milioni 1.8 panakugharimu milioni 3.8.

Sasa zigeuze ziwe chupa, maana wewe ni mtu wa kaunta. Tuseme bia unainunua shilingi 4,000 na kuiuza 5,500, unabaki na 1,500. Ili upate milioni 3.8 utauza chupa zaidi ya 2,500 kwa mwezi, yaani kreti 102 za chupa 25. Hapo hujamlipa mhudumu hata mmoja, hujamlipa baunsa, hujajaza Yaka ya umeme, hujanunua mafuta ya jenereta siku umeme ukikatika mechi ikiendelea. King'amuzi nacho: kifurushi cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyeshwa baa, DStv wana vifurushi vya biashara na bei yake ni nyingine kabisa. Watu wanapuuza mpaka siku wanapozimiwa Arsenal ikiongoza na ukumbi umejaa.

Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuzungumza naye ni mwenye nyumba, wala si huyo wa Dubai. Mwambie unataka mkataba mpya kwa jina lako, miaka mitatu kwenda juu, wenye kipengele cha kuongeza muda. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inasema pango litajwe kwa shilingi, isipokuwa mmekubaliana sarafu nyingine, na lisipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini haimlazimishi mtu kukupa mkataba mwingine ule wa kwanza ukiisha. Nimeona hadithi moja ikijirudia mji huu: mpangaji anajenga baa, inashika moto, mkataba unaisha, na ghafla mtoto wa mwenye nyumba amerudi kutoka nje na anapenda sana biashara ya baa. Mkataba uandike wazi pia kwamba pale patauzwa pombe na patapigwa muziki. Mwenye nyumba akisita kwenye neno muziki, umeshapata jibu lako bila kutoa hata senti.

Muziki wenyewe unahitaji nafasi yake hapa, kwa sababu ndio unaoua baa za maeneo kama Kyaliwajjala, Najjera na Kira. Ulikozoea wewe, Kabalagala, mtu anapanga chumba akijua fika yuko Kabalagala. Kyaliwajjala watu wamejenga nyumba za familia na majumba ya kupangisha, na wengine walihamia huko hasa kuikimbia kelele ya mjini. Kanuni za kelele za 2003 ziliweka desibeli 55 mchana na 45 usiku kwa eneo la makazi lililochanganyika na biashara na starehe, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 4. Desibeli 45 ni watu wakiongea chini chini sebuleni. Baa ya wazi yenye paa la makuti na spika mbili kubwa haiwezi kukaa ndani ya kiwango hicho, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wakija na polisi kitu cha kwanza wanachobeba ni spika na mikisa.

Fanya hivi. Nenda Ijumaa saa 5 usiku, lakini usikae ndani. Simama nje ya dirisha la chumba cha kulala cha jirani wa karibu zaidi na usikilize. Ukisikia besi kifuani, hiyo baa ina kesi inayosubiri siku yake. Siku hizi simu inaweza kukukadiria desibeli, siyo ushahidi wa mahakamani lakini inatosha kukutia akili. Suluhisho la ufundi lipo: spika ndogo nyingi zilizoelekezwa kwenye meza, badala ya mbili kubwa zinazotazama barabara, besi ipunguzwe ikifika saa 4, na ukuta wa tofali upande wa jirani. Linagharimu, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji. Halafu kabla ya kufungua, kamsalimie mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, na majirani wa pande zote nne, waachie namba yako. Jirani mwenye namba yako atakupigia wewe. Asiyekuwa nayo ataipigia polisi.

Karatasi nitazipitia haraka. Kyaliwajjala iko chini ya Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, kwa hiyo watu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, uliozoeana nao hawatakusaidia kitu. Leseni ya biashara na ya pombe ina jina la muuzaji na haihami pamoja na viti. Utasajili jina lako URSB, ofisi ya usajili wa biashara, na kuchukua namba ya mlipa kodi. VAT ya asilimia 18 inaanza mauzo yakivuka milioni 150 kwa mwaka. Wengi husikia milioni 150 wakaona ni mambo ya matajiri, kumbe ni kama shilingi 411,000 kwa siku, na baa isiyofika hapo haiwezi kubeba pango la milioni 1.8. Basi panga bei zako ukijua utasajiliwa na utatoa ankara za EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi URA, tangu mwanzo. Wafanyakazi wachangie NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wewe asilimia 10 na wao 5. Tangu marekebisho ya 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Muziki unaopigwa mbele ya wateja una leseni yake ya UPRS, chama cha haki za wanamuziki. Shisha iache kabisa, sheria ya tumbaku ya 2015 iliipiga marufuku, na usidanganyike kwamba mbona fulani anayo. Na wewe mtoto wa Busia sihitaji kukueleza pombe ya magendo inavyovuka. Chupa isiyo na stempu ya kodi isiingie stoo yako hata kama anayeileta ni binamu.

Muulize muuzaji madeni: dipo, mishahara, URA, pango. Wafanyakazi wake waulize peke yao, tena siku ambayo hayupo. Na usiipime baa kwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nenda Jumanne saa 2 usiku, uhesabu vichwa. Nenda tena wiki ambayo shule zinafunguliwa, maana mwezi wa karo mzee wa familia anakunywa moja na kuondoka. Huyo jamaa anaweza kukuonyesha daftari la Desemba likakupendeza. Omba la Februari. Kyaliwajjala ina siku zake pia, watu wa hija ya Namugongo wakimiminika kuelekea tarehe 3 Juni, lakini pango halilipwi na siku chache za mwaka.

Sasa wizi. Unasema unajua tunavyoiba, basi twende taratibu, kwa sababu mwenye baa anauona kutoka upande mwingine wa kaunta na picha inabadilika.

Wizi wa kijinga, wa mtu kuchukua chupa akanywa, utauona kwenye hesabu ya stoo asubuhi. Ule unaomaliza baa hauonekani kwenye stoo kamwe. Kijana wa kaunta anapita supamaketi jioni, ananunua chupa yake ya waragi ya mililita 750, anaingia nayo kwenye begi. Chupa hiyo ina toti 25 za mililita 30. Tuseme ameinunua 30,000 na toti unaiuza 3,000: ana 75,000 mkononi, faida 45,000 kwa usiku mmoja, kwa kutumia barafu yako, glasi zako na umeme wako. Asubuhi unahesabu stoo, kila kitu kimekaa sawa. Unamsifu kwa uaminifu. Miezi sita baadaye unajiuliza kwa nini ukumbi unajaa na benki hamna kitu.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Kila chupa kali inayoingia kaunta iwe na alama yako ndogo mahali unapopajua wewe tu, na ubadilishe alama kila mara. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali: pima chupa ikiwa tupu, pima ikiwa imejaa, uandike, na kila anapofunga mtu zamu chupa zilizofunguliwa zipimwe. Chupa tupu za pombe kali zisitupwe mpaka uzione. Mtu haruhusiwi kuchukua mpya kabla ya kurudisha tupu yenye alama.

Kwa bia, ukaguzi umekuja wenyewe, ndani ya kreti. Chupa tupu zilizobaki usiku lazima zilingane na bia zilizouzwa. Zikipungua, kuna chupa zimevunjika au mteja ameondoka nazo, na hilo mfanyakazi alieleze kabla hujalala. Zikizidi, hapo ndipo usimame: kuna mtu ameuza bia zake ndani ya baa yako. Wenye baa wengi wanahesabu stoo na hawahesabu tupu, kwa sababu tupu zinanuka na ziko nyuma karibu na choo. Zihesabu wewe.

Pesa ya simu ndiyo uchochoro mpya. Mteja anauliza nilipe wapi, mhudumu anamtajia namba yake mwenyewe kwa sauti tamu. Bandika namba ya malipo ya biashara kwenye kila meza na ukutani kwa maandishi makubwa, MTN na Airtel, na jina litakaloonekana kwenye simu ya mteja liandikwe hapo hapo. Ujumbe wa malipo uingie kwenye simu iliyo kaunta na nakala kwako. Mhudumu asiwe na sababu ya kutaja tarakimu yoyote.

Na uwalipe. Kabalagala unajua mwenyewe mhudumu anayepewa nauli tu na kuambiwa ajitegemee kwa bakshishi atakavyojitegemea. Anayelipwa tarehe ile ile kila mwezi, akapata chakula cha usiku na bodaboda ya kumrudisha nyumbani, bado anaweza kuiba, ila ana kitu cha kupoteza. Kinachobaki ni madeni ya marafiki. Wewe kama meneja ulikuwa na kisingizio cha bosi hataki. Ukiwa bosi kisingizio kimekufa, kwa hiyo kitengeneze mapema: hakuna daftari la madeni, hata kwa polisi, hata kwa shemeji.

Umeuliza kama ni kazi ya kuzeeka nayo. Ndiyo, lakini kwa anayeifanya mchana. Mtu anayedhani mwenye baa ni yule anayeketi meza ya kona akipokea salamu na kuagiza raundi hamalizi miaka mitano, ama ini linachoka ama mtaji. Anayedumu yuko pale saa 3 asubuhi na daftari, anahesabu tupu, anabishana na dipo, anapeleka pesa benki jua likiwaka badala ya kutembea nayo usiku. Usiku anapita saa mbili, anasalimia, anatazama, anaondoka. Mfano wetu mkubwa Kampala ni Charlie Lubega wa Ange Noir, disko iliyolea vizazi pale Industrial Area, baadaye ikageuzwa Guvnor. Lubega haoni. Mtu asiyeona ameendesha ukumbi wa usiku miongo kadhaa, na wenye macho mawili wanaibiwa wakitazama. Mimi nasoma hapo kwamba utaratibu unalinda baa kuliko macho ya bosi.

Usidhani hata hivyo kwamba bidii inatosha. Machi 2020 baa zilifungwa kwa ajili ya korona, na hazikuruhusiwa kufunguliwa tena mpaka tarehe 24 Januari 2022. Karibu miaka miwili, sekta ya mwisho kabisa kufunguliwa. Waliokuwa na jiko waligeuka mgahawa wa mchana na kuuza chakula cha kubeba. Waliokuwa na bia peke yake waliuza friji, zile zilizokuwa zao. Mwaka 2023 Mbunge Sarah Opendi alileta mswada uliotaka pombe iuzwe saa 11 jioni hadi saa 4 usiku tu siku za kazi. Bunge halikuupitisha, lakini wazo la namna hiyo litarudi, kwa sura nyingine. Ndiyo maana nakwambia jiko la Kyaliwajjala liangalie kwa makini kuliko spika. Nyama, kuku, chipsi na supu ya asubuhi vina faida nzuri kuliko bia na hakuna anayevifunga.

Na usalama, dada. Tangu mabomu ya Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala yalipoua watu zaidi ya 70, ukaguzi mlangoni ni lazima. Usimweke mtoto wa jirani mwenye tochi ukamwita baunsa. Usiku wa kuamkia 2023, pale Freedom City, watu wasiopungua 9 walikufa katika msongamano wa kutoka kwenda kutazama fataki. Kwa hiyo hesabu milango ya hiyo baa. Ikiwa ni mmoja, au wa pili umefungwa kwa kufuli ili wateja wasitoroke bili, uongeze kwenye orodha ya marekebisho kabla ya rangi na taa. Baada ya saa 6 usiku uwe na waendesha bodaboda unaowafahamu, kwa kuwa Kawunyemu, kipimo cha ulevi cha polisi wa barabarani, inawasubiri wenye magari, na mteja aliyefika salama ndiye anayerudi Alhamisi.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Kwanza, kutoka kwenye hizo milioni 40 nitenge milioni 10.8, pango la miezi sita, zikae akaunti ambayo siigusi. Pili, mwenye nyumba akikubali miaka mitatu, nimpe muuzaji bei ya vitu ambavyo ni vyake kweli. Sidhani kama vitavuka milioni 12, na kila mwezi anaochelewa kuuza anaendelea kulipa pango la mahali asipokuwepo, kwa hiyo atashuka. Akikataa, mpe njia nyingine: uendeshe miezi mitatu kwa mgawo wa faida, madaftari yakiwa mikononi mwako, ndipo muongelee bei. Mtu mwenye baa inayolipa hataogopa hilo. Akikataa na hilo, mwache aende zake, Kyaliwajjala, Bweyogerere na Mukono hazitaishiwa baa zinazouzwa.

Kazi yako ya sasa usiiache kabla mkataba haujasainiwa. Na humo kazini, wiki hizi, omba uwe unakaa na bosi wako anapolipa dipo na anapojaza kodi. Kaunta unaijua, hizo pande mbili bado.

Hukuuliza kuhusu jina, lakini najua litakuja. Baa ikiwa na sifa nzuri mtaani, libakize, na uandike kwenye mkataba wa mauzo kwamba umenunua jina pia na yeye hatalitumia tena Wakiso wala Kampala, kisha ulisajili URSB siku hiyo hiyo. Ikiwa majirani walikunja uso ulipolitaja, badilisha, funga wiki mbili, paka rangi, geuza spika, na ufungue Alhamisi badala ya Jumamosi ili makosa ya wafanyakazi wapya yatokee mbele ya watu wachache.